Njia ya Shingo Nne

Katika mpaka wa Ufaransa na Hispania iko safu ya milima iitwayo Pyrenees. Huanza upande wa magharibi karibu na Bahari ya Atlantiki, nayo huendelea mpaka Bahari ya Mediterania upande wa mashariki, mwendo wa kilometa 430 hivi. Kilele kilicho kirefu kupita vyote huitwa Aneto, nacho kimo katika nchi ya Hispania. Kimo chake ni meta 3,404. Mtu aliyezoea kusikia habari za Kilimanjaro, mlima wenye meta 5,895, huenda akaidhania Pyrenees kuwa milima midogo. Lakini asafiriye kwa baisikeli haulizi habari za vilele, kwa kuwa hapandi kileleni. Yeye huuliza njia itampandisha mara ngapi kabla ya jua kuchwa, na kwa ukali gani.

Ukitaka kufahamu kwa nini njia za milima ile ni ngumu, weka mkono wako wa kushoto juu ya meza, vidole vitanuliwe na kuelekea mbele yako. Mgongo wa mkono ndio safu kubwa iliyo mpakani. Vidole ni matuta yatokayo katika safu hiyo na kuelekea kaskazini, katika nchi ya Ufaransa. Katikati ya kila vidole viwili mna bonde, na katika kila bonde mna mto uteremkao toka kwenye theluji. Mtu akifuata bonde toka kaskazini kwenda kusini hapati taabu kubwa. Mto umekwisha kumchimbia njia. Lakini mtu atakaye kwenda toka mashariki mpaka magharibi ni kama sisimizi atakaye kuvuka vidole vyako kimoja kimoja. Akiisha kupanda hushuka, na akiisha kushuka yuko chini kabisa kama alivyokuwa mwanzo, na kidole kingine kinamngojea.

Juu ya kila tuta pana mahali palipoinama kati ya vilele viwili, kama mgongo wa punda palipo tandiko. Hapo ndipo njia inapovukia. Wafaransa hupaita mahali kama hapo *col*, neno ambalo asili yake ni shingo. Basi katika somo hili patatajwa kwa jina hilo hilo la shingo.

Shingo zilizo mashuhuri ni nne. Atokaye katika mji wa Luchon kwenda magharibi hupanda kwanza Peyresourde, yenye meta 1,569. Hushuka katika bonde la Louron mpaka mji mdogo wa Arreau, kisha hupanda Aspin, yenye meta 1,489, njia ikipita katika misitu ya misunobari na malisho ya ng'ombe. Hushuka tena mpaka kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan. Hapo huanza Tourmalet, iliyo kubwa kuliko zote nne, meta 2,115. Akiisha kuivuka hushuka kupita Barèges na Luz, hufuata mto katika korongo jembamba mpaka Argelès, na hapo hugeuka tena kuelekea juu. Hupita kwanza mahali paitwapo Soulor, kisha njia huambaa ubavuni mwa mlima, mwamba ukiwa upande mmoja na shimo upande wa pili, mpaka Aubisque, meta 1,709. Toka Aubisque huteremka Eaux-Bonnes na Laruns, na milima mikubwa huwa nyuma yake.

Tuipime Tourmalet peke yake. Toka Sainte-Marie-de-Campan mpaka juu ni mwendo wa kilometa 17, na katika mwendo huo mtu huinuka karibu meta 1,270. Gawanya, nawe utaona kwamba kila meta 100 za njia humwinua mtu meta saba na zaidi. Hesabu hii si ya kuogofya ikiandikwa ubaoni. Lakini njia haipandi sawasawa kama ngazi. Kilometa nne tano za kwanza ni za upole mno, na mgeni hufurahi, akajisifu moyoni na kukanyaga kwa nguvu. Baadaye mteremko hukaza, ukafika meta tisa au kumi katika kila mia, na hapo yule aliyetumia nguvu zake mapema hujuta. Wenyeji humtambua mgeni kwa jinsi anavyoanza.

Barabara hizi hazikufanywa kwa ajili ya baisikeli, wala kwa ajili ya watu wenye afya. Katika mabonde ya Pyrenees mna chemchemi nyingi za maji moto yenye harufu ya kiberiti, na tangu zamani watu waliyaamini maji hayo kuwa ni dawa. Askari waliojeruhiwa vitani walipelekwa Barèges kuoga. Mwaka 1675 Mfalme Louis wa Kumi na Nne alimpeleka huko mwanawe mdogo, Mtawala wa Maine, aliyekuwa na mguu mbovu. Siku hizo kulikuwa na vijia vya nyumbu na vya wachungaji tu, na mgonjwa alichukuliwa na watu. Ikawa hivyo kwa miaka mingi, mpaka karibu na mwaka 1860, Kaizari Napoleon wa Tatu alipoamuru miji ya maji moto iunganishwe kwa barabara moja, ili gari la farasi liweze kutoka Eaux-Bonnes mpaka Luchon likivuka shingo zote. Wachimbaji wakavunja miamba, wakajenga kuta za mawe kuzuia udongo, wakaipinda njia huku na huku ili farasi wasishindwe. Ndiyo sababu barabara hizi zina mapindi mengi. Fundi aliyezipima alikuwa akiwaza pumzi ya farasi, naye bila kujua aliwapimia watu wa baisikeli waliokuja miaka hamsini baadaye.

Watu hao walikuja hivi. Mwaka 1903 gazeti moja la Paris, jina lake L'Auto, lilianzisha mashindano ya baisikeli ya kuizunguka nchi ya Ufaransa, na mkuu wake alikuwa Henri Desgrange. Miaka ya kwanza washindani walipita zaidi katika nchi tambarare na vilima. Katika gazeti hilo alikuwako msaidizi aliyeitwa Alphonse Steinès, naye alikazana sana kumwambia mkuu wake kwamba mashindano yapite Pyrenees. Desgrange hakutaka. Alisema kwamba kule juu hakuna barabara, bali makorongo na mawe na dubu. Mwisho akamtuma Steinès mwenyewe akatazame.

Steinès alifika Tourmalet mwaka 1910, theluji ikiwa ingali juu ya mlima. Alikodi motakaa na dereva wake, wakapanda mpaka theluji ilipowazuia, kilometa chache chini ya shingo. Dereva akakataa kuendelea. Steinès akashuka, akaenda kwa miguu peke yake, na giza likamkuta huko huko. Alianguka, akapotea, akatumbukia penye maji baridi, na usiku wa manane watu waliotoka kumtafuta wakampata karibu na Barèges amechoka kabisa. Asubuhi alioga, akala, kisha akampelekea mkuu wake simu kusema kwamba ameivuka Tourmalet, na kwamba barabara ni njema, inapitika vizuri.

Huo ulikuwa uongo, wala hakuna namna ya kuulainisha. Watu waliosimulia kisa hiki baadaye wamezoea kukichekea, kwa kuwa mambo yaliishia vizuri. Lakini waliokwenda kupita katika barabara ile walikuwa wengine, si mpeleka simu.

Tarehe 21 Julai 1910 washindani waliondoka Luchon saa tisa na nusu usiku, mbele yao zikiwako kilometa 326 mpaka Bayonne, na shingo zote nne katikati. Wakati huo barabara zilikuwa za changarawe na matope, na mahali pengine maji ya mvua yalikuwa yamekata mifereji katikati ya njia. Baisikeli zao zilikuwa nzito, wala hazikuwa na gia za kubadilisha mtu akiwa juu ya kiti. Mtu aliyetaka mwendo mwepesi wa kupandia ilimpasa ashuke, aligeuze gurudumu la nyuma, aufunge tena mnyororo, ndipo aendelee. Sheria ya mashindano yale haikuruhusu chombo cha kubadilishia gia mpaka mwaka 1937, kwa sababu Desgrange aliona kwamba chombo hicho kingempunguzia mtu sifa yake. Maoni hayo ni rahisi kwa mtu aketiye garini.

Octave Lapize alitangulia kufika juu ya Tourmalet, mara nyingine akiwa amepanda baisikeli, mara nyingine akiisukuma kwa miguu. Nyuma yake alifuata Gustave Garrigou, naye ndiye peke yake aliyepanda mpaka juu bila kutia mguu chini hata mara moja, akapewa zawadi ya faranga 100. Lakini penye Aubisque aliyetangulia alikuwa mtu ambaye hakuna aliyemtazamia, François Lafourcade. Wasimamizi waliokuwa wakingojea kando ya njia walistaajabu; wakamwuliza wengine wako wapi, naye akapita bila kujibu. Robo saa ikapita. Ndipo alipotokea Lapize, amechoka, akiivuta baisikeli yake. Naye siku ile aliwakemea wasimamizi kwa hasira, akawaita wauaji. Hata hivyo alipanda tena, akamfikia Lafourcade na kumpita, akaingia Bayonne wa kwanza baada ya saa 14 njiani. Mwisho wa mwezi akashinda mashindano yote, akimzidi François Faber kwa pointi nne tu. Wote wawili hawakuishi miaka mingi. Faber aliuawa mwaka 1915, na Lapize mwaka 1917, katika vita kuu ya kwanza. Lapize alikuwa rubani, na ndege yake iliangushwa.

Miaka mitatu baada ya siku ile likatokea jambo ambalo watu wa Campan hulisimulia mpaka leo. Mwaka 1913 njia iligeuzwa: washindani walitoka Bayonne kwenda Luchon, basi Aubisque ikawa ya kwanza, na Tourmalet wakaishuka kwa upande wa Sainte-Marie-de-Campan. Mmoja wao alikuwa Eugène Christophe, mtu wa miaka 28, mwenye masharubu makubwa. Kabla ya kuwa mshindani wa baisikeli alijifunza kazi ya fundi wa kufuli, na jambo hilo lazima likumbukwe. Mwaka ule ushindi ulihesabiwa kwa saa na dakika, nao watu wengi walimtazamia Christophe kushinda, maana aliyekuwa akiongoza mwanzo wa siku hiyo alikuwa amekwisha kushindwa njiani.

Alipita juu ya Tourmalet nyuma kidogo ya Mbelgiji aitwaye Philippe Thys, akaanza kushuka kwa kasi. Punde akahisi usukani hauko sawa. Foki ilikuwa imevunjika, yaani ile mikono miwili ya chuma ishikayo gurudumu la mbele. Alisimama bila kuanguka. Akaangalia. Baisikeli isiyo na foki haifai kitu; haiwezi hata kusukumwa.

Katika siku zetu mshindani hupewa baisikeli nyingine mara moja, akaendelea. Mwaka 1913 sheria ilikuwa hivi: kila mtu atengeneze chombo chake kwa mikono yake, bila msaada wa mtu yeyote, na asibadilishe baisikeli. Christophe akaitia baisikeli begani, gurudumu akalishika mkononi, akaanza kushuka kwa miguu. Watu aliokuwa amewaacha nyuma walimpita mmoja mmoja. Pengine alikata kwa vijia vya mbuzi ili kupunguza mapindi. Alitembea kilometa zaidi ya kumi, na inasemekana kwamba njiani alilia. Wala si ajabu.

Alipofika Sainte-Marie-de-Campan aliuliza habari za mhunzi, na msichana mmoja akamwonyesha njia ya kwenda kwenye kiwanda kilichokuwa mwisho wa kijiji. Wasimamizi wa mashindano walikwisha kupata habari zake, nao wakamfuata mle ndani, wakasimama kumtazama. Mhunzi alimhurumia, akataka kumfanyia kazi. Wasimamizi wakakataa. Mhunzi aliruhusiwa kusema tu. Mikono yake haikuruhusiwa. Basi Christophe akachukua chuma, akakitia motoni, akakifua kwenye fuawe, akakitoboa, akakiunga, akishika kila chombo yeye mwenyewe. Hapo ndipo ile kazi aliyojifunza ujanani ilipomsaidia, kwa kuwa mshindani mwingine, hata awe na miguu ya chuma, angalikaa mle mpaka usiku bila kufanya kitu. Ilimchukua saa tatu au zaidi.

Lakini mtu ana mikono miwili tu. Anayeshika chuma kwa koleo na nyundo hawezi kuvukuta moto wakati huo huo. Alikuwako kijana katika kiwanda kile, naye Christophe alimwomba avute mivukuto, moto usizime. Kijana akaivuta. Wasimamizi waliona, wakaandika. Kwa msaada ule wa mivukuto Christophe aliongezewa dakika kumi katika hesabu yake, ingawa baadaye zilipunguzwa zikawa tatu.

Watu wengi wamebishana juu ya hukumu hiyo. Wako wasemao kwamba sheria ni sheria, na kwamba ikiwa mmoja ataruhusiwa kusaidiwa kidogo, wa pili atasaidiwa sana. Neno hilo lina haki ndani yake. Lakini ni vigumu kufikiri kwamba waliosimama mle ndani saa tatu, wakimtazama mtu mweusi wa moshi, mwenye njaa, akifua foki kwa ajili ya mashindano aliyokwisha kuyapoteza, walikuwa na haja ya kuhesabu pumzi za mivukuto. Dakika zile hazikubadili neno lolote. Alikuwa amekwisha kuchelewa karibu saa nne.

Foki ilipokuwa tayari alilipachika gurudumu, akatia mkate mfukoni, akaondoka. Mbele yake zilikuwako bado shingo mbili, Aspin na Peyresourde. Alizipanda zote mbili, akaingia Luchon jioni, akaendelea na mashindano siku zilizofuata mpaka Paris, akahesabiwa wa saba. Aliyeshinda mwaka ule ni Thys. Christophe alirudi tena mara kadhaa. Mwaka 1919 alikuwa mtu wa kwanza kuvaa fulana ya manjano, ambayo tangu mwaka huo huvaliwa na anayeongoza. Na mwaka huo huo, akiwa amekaribia kabisa kushinda, foki yake ikavunjika tena, katika nchi tambarare ya kaskazini. Alikufa mwaka 1970, akiwa mzee wa miaka 85, bila kuyashinda mashindano yale hata mara moja. Katika kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan pana bamba ukutani la kuonyesha mahali pa kiwanda kile, na wapitao kwa baisikeli husimama kulisoma, wengi wao wakitafuta pia maji ya kunywa kabla ya kupanda.

Kisa hicho kilitokea wakati wa kushuka, na msomaji asipite upesi hapo. Watu wasiojua milima hufikiri kwamba taabu yote ni ya kupanda. Kupanda huchosha, lakini ni kushuka kunakoua. Apandaye ametoka jasho. Akifika juu upepo wa baridi humpiga kifuani, na baada ya dakika chache vidole vyake hufa ganzi, asiweze kushika breki sawasawa. Kwa sababu hiyo washindani wa zamani walikuwa na desturi ya kuomba gazeti kwa watu waliosimama juu, wakalitia ndani ya fulana kuzuia upepo. (Gazeti la jana hufaa sawa na la leo.) Breki zikishikwa muda mrefu bila kuachwa, ukingo wa gurudumu hupata moto. Tena upande wa Ufaransa wa milima hii hupata mvua na ukungu mwingi utokao baharini. Mara nyingi mtu huiacha jua upande mmoja wa shingo, akateremka upande wa pili katika wingu ambamo haoni meta ishirini mbele yake. Naye lazima ajue kwamba nyuma ya kila pindi huenda wakawako kondoo.

Mwaka 1951 Mholanzi aitwaye Wim van Est aliivaa fulana ya manjano, wa kwanza katika watu wa nchi yake. Uholanzi ni nchi tambarare kama sinia. Kesho yake njia ilipita Aubisque. Alikuwa amechelewa kidogo kupanda, naye katika kushuka alitaka kuwafikia wenzake. Barabara ilikuwa na maji, gurudumu likateleza kwenye pindi, akaruka nje ya njia na kutumbukia katika shimo la makumi ya meta. Wenzake walisimama ukingoni wakidhani wamempoteza. Wakachungulia, wakamwona chini kabisa, mdogo, ile rangi ya manjano ikionekana kati ya mawe na majani. Alikuwa hai, wala hakuvunjika mfupa. Kamba iliyokuwamo garini haikufika alipokuwa. Basi wakazitoa tairi zote za akiba za Waholanzi, wakazifunga moja kwa nyingine zikawa kamba ndefu, wakamvuta kwayo mpaka barabarani. Akataka kupanda tena baisikeli. Wakamkataza, wakampeleka hospitali. Na kwa kuwa zile tairi zilikuwa zimevutika zote zikaharibika, Waholanzi wenzake hawakuwa tena na za kutumia, wakayaacha mashindano wote pamoja.

Leo njia ya shingo nne imetiwa lami, na mtu yeyote mwenye baisikeli na subira anaweza kuipita. Katika kila kilometa pamesimikwa kibao chenye kutaja kimo cha mahali, umbali uliobaki mpaka juu, na ukali wa kilometa inayofuata. Wako wanaovipenda vibao hivyo, na wako wanaopita wakiangalia upande mwingine ili wasijue. Katika Tourmalet, kilometa nne kabla ya kufika juu, mna kijiji cha La Mongie, ambako watu huteleza juu ya theluji wakati wa baridi. Na kabla ya kijiji hicho barabara hupita chini ya mapaa marefu ya saruji, yaliyojengwa ili maporomoko ya theluji yapite juu yake. Wanawake pia hushindana huko: mwaka 2023 mashindano yao yalipanda mpaka juu ya Tourmalet, na Demi Vollering, Mholanzi, akafika wa kwanza katika ukungu mzito.

Wenyeji wa mabonde ni wafugaji. Mwanzo wa kiangazi hupandisha kondoo na ng'ombe na farasi kwenye malisho ya juu, wakawaacha huko mpaka vuli, na kwa maziwa ya kondoo hutengeneza jibini za duara zinazouzwa kando ya barabara. Penye Soulor na Aubisque wanyama hawafungwi kwa ua wowote. Ng'ombe hulala katikati ya lami kwa sababu ina joto la jua, kengele shingoni, naye hamwondokei mtu wa baisikeli wala dereva wa motakaa. Mpanda baisikeli hushuka, akazunguka pembeni taratibu.

Juu ya Tourmalet, palipo shingo yenyewe, imesimama sanamu kubwa ya chuma ya mtu juu ya baisikeli, kinywa wazi kwa kutweta, uso umegeuzwa kando. Ni ukumbusho wa Lapize na siku ile ya mwaka 1910. Sanamu hiyo haikai huko mwaka mzima. Kabla ya theluji hushushwa kwa gari mpaka bondeni, na barabara hufungwa. Mwezi wa Mei au karibu na hapo mashine hupanda kuisafisha, zikikata njia kati ya kuta za theluji zilizo ndefu kuliko mtu. Na mwanzoni mwa Juni sanamu hupakiwa tena garini, gari likaenda polepole kwenye mapindi, na nyuma yake hufuata watu wa baisikeli kwa mamia, wazee na vijana, wakipanda pamoja nayo mpaka juu.